Mpeni kijana safari ndogo kabla ya kumnyima kubwa

Kwa wajumbe wa kamati ya uteuzi wa kimataifa, U.S. Figure Skating, Colorado Springs

Julai 1, 2025

Waheshimiwa,

Kabla ya yote, poleni. Usiku wa Januari 29 mwaka huu ndege ya abiria ilipogongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, karibu na Washington, walifariki watu 67, na 28 kati yao walikuwa watu wa mchezo wenu: watoto, wazazi, makocha, wengi wakirejea kutoka kambi ya chipukizi iliyofuata mashindano ya taifa ya Wichita. Barua hii inahusu chipukizi, na usingekuwa uungwana kuanza na hoja kana kwamba msiba ule haukutokea. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa.

Najua hamsomi Kiswahili. Lakini barua ya wazi haiandikiwi mwenye bahasha peke yake. Wako wasomaji wangu wa Mombasa na Dar es Salaam, na jamaa zao walioko Minneapolis na Columbus, wanaoutazama mchezo wa kuteleza kwenye barafu kila Olimpiki ya majira ya baridi inapowadia, halafu wanausahau kwa miaka minne. Wako pia wachache ambao hatuusahau. Tunakesha kwa ajili yenu, maana saa zenu za jioni kwetu ni alfajiri, na anayekesha ana haki ya kuuliza.

Nimeingoja tarehe hii makusudi. Katika mchezo wenu mwaka haugeuki Januari, unageuka Julai 1, na umri wa mchezaji huhesabiwa kwa siku hiyo. Anayetaka kushindana na wakubwa msimu unaoanza leo alipaswa awe ametimiza miaka 17 kabla ya leo. Aulizwe Mao Shimada wa Japani. Ni bingwa wa dunia wa chipukizi mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na Desemba iliyopita alishika nafasi ya pili katika mashindano ya taifa ya wakubwa ya nchi yake. Alizaliwa Oktoba 30, 2008. Michezo ya Milano na Cortina itakapofunguliwa Februari mwakani atakuwa na miaka 17 na ushei, lakini hatakuwapo, kwa kuwa leo ana 16. Alipewa jina hilo kwa kupendwa Mao Asada, na inaelekea jina limekuja na mkosi wake: Asada alishinda fainali ya Grand Prix ya wakubwa Tokyo, Desemba 2005, akazuiwa kwenda Olimpiki ya Torino miezi miwili baadaye kwa upungufu wa siku 87. Shizuka Arakawa, pia wa Japani, akaichukua dhahabu.

Hilo la umri halimo mikononi mwenu, wala silo ninalowalaumia. Binafsi naona Umoja wa Kimataifa wa mchezo huu, ISU, ulifanya sawa. Tuliona Beijing. Kamila Valieva wa Urusi alikuwa na miaka 15. Sampuli yake ilichukuliwa Desemba 25, 2021, na majibu yakatoka baada ya shindano la timu kumalizika, yakionyesha trimetazidini, dawa ya wagonjwa wa moyo. Viongozi wakavutana, mahakama ya michezo ikamruhusu kuendelea, na Februari 17 dunia nzima ikamtazama mtoto akianguka na kuinuka na kuanguka tena, mpaka akamaliza wa nne. Mwaka 2024 alifungiwa miaka minne. Waliomlea na kumpa kila alichokula hawakuwa barafuni usiku ule. Miezi minne baada ya Beijing, kwenye mkutano wa Phuket, Thailand, wanachama wa ISU walipiga kura 100 kwa 16 kupandisha umri wa wakubwa kutoka 15 hadi 17 kwa hatua mbili, na hatua ya pili ilianza msimu wa 2024/25.

Sasa tazameni matokeo yake kwenu. Ngazi ya chipukizi ni ya miaka 13 mpaka chini ya 19. Yule anayeitwa chipukizi na bado sheria ikamruhusu kwenda kwa wakubwa leo ni mtu wa miaka 17 au 18. Ni kijana aliyekwisha kuvunja sauti, anayeendesha gari, ambaye anapiga kura tayari au ataanza mwaka ujao. Zamani mliposema “bado mdogo” mlikuwa mkimaanisha mifupa yake na usingizi wake. Mkisema hivyo leo mnamaanisha nini?

Nadhani nalijua jibu, nami nitalitafuta Nashville, Januari 2022.

Ilia Malinin alikuwa ametimiza miaka 17 mwezi uliotangulia. Vuli ile alikuwa ameshinda mashindano yake yote mawili ya Grand Prix ya chipukizi, Courchevel na Linz, na alikuwa akiingoja fainali ya Osaka ambayo ilifutwa Desemba kwa sababu ya korona. Nashville akashindana na wakubwa wa taifa lenu. Akapata zaidi ya alama 300, akawa wa pili nyuma ya Nathan Chen, mbele ya Vincent Zhou na mbele ya Jason Brown aliyekuwa wa nne. Timu ya Olimpiki ya Beijing ilikuwa na nafasi tatu. Mkamtaja Chen, mkamtaja Zhou, mkamtaja Brown.

Vijiwe vya mashabiki vilichemka. Mimi sikuchemka sana, na hata leo siwezi kusema mliiba. Vigezo vyenu vilikuwa vimeandikwa wazi kwamba nafasi ya mtu katika mashindano ya taifa ni kipande tu cha hesabu, na kwamba mngetazama mwenendo wa matokeo yake kwa muda mrefu, hasa ya kimataifa. Kwa kipimo hicho Brown alikuwa mbele, na Beijing hakuwaangusha: aliteleza kwa utulivu wake uleule akamaliza wa sita. Zhou alipimwa akakutwa na korona baada ya shindano la timu, na nafasi yake katika shindano la mmoja mmoja ikabaki wazi. Hilo nalo si kosa lenu. Chen akarudi na dhahabu. Ukiyatazama matokeo ya Beijing peke yake, kamati ilikuwa sahihi.

Shida iko katika kigezo chenyewe, na hapa naomba mnisikilize. Mlipomwambia Malinin kwamba rekodi yake ya mashindano ya wakubwa ni nyembamba, mlisema kweli. Lakini rekodi ya kimataifa haiokotwi barabarani. Mchezaji hawezi kukata tiketi akajiandikisha mwenyewe Oberstdorf au Espoo. Shirikisho lake ndilo linalompeleka, na shirikisho ni ninyi. Kwetu huku kijana hutoka chuoni na cheti chake, akafungua gazeti la ajira, akakuta kila tangazo linataka uzoefu usiopungua miaka mitano. Tofauti ni kwamba kampuni zile ziko nyingi, naye anaweza kubahatisha kwingine. Kwenu mwajiri ni mmoja. Anayedai uzoefu ndiye huyohuyo mwenye ufunguo wa mahali uzoefu unapotolewa.

Wala si kweli kwamba shirikisho lenu limekuwa likiuheshimu uzoefu siku zote. Januari 2014, Boston, msichana wa miaka 15 aitwaye Polina Edmunds alishika nafasi ya pili kwa wakubwa. Alikuwa hajawahi kuteleza katika shindano hata moja la kimataifa la wakubwa. Mkampeleka Sochi. Olimpiki ikawa ndiyo safari yake ya kwanza na watu wazima, naye akamaliza wa tisa, jambo la kujivunia. Wakati huohuo aliyekuwa wa tatu Boston, Mirai Nagasu, ambaye miaka minne kabla alikuwa wa nne katika Olimpiki ya Vancouver, aliachwa, na nafasi ikaenda kwa Ashley Wagner aliyekuwa wa nne. Mkiyaweka hayo mezani pamoja na ya 2022, uzoefu ulimwokoa Wagner, ulimwangusha Malinin, haukumsaidia Nagasu, na kukosekana kwake hakukumdhuru Edmunds. Mtu wa nje anayeyasoma haya atasema uzoefu ni fimbo inayotolewa kabatini siku inapohitajika.

Simlaumu aliyekwenda wala sidai kwamba watatu wa kwanza katika mashindano ya taifa waende hivihivi. Riadha ya nchi yenu hufanya hivyo: watatu wa kwanza kwenye majaribio, wakiwa wamefikia viwango, wanapanda ndege. Saa haina upendeleo. Mchezo wenu una majaji, una kifundo cha mguu kilichoteguka juzi, una alama za nyumbani ambazo sote tunajua huwa na sukari kidogo. Kamati inahitajika. Kinachonisumbua ni kwamba inakutana usiku mmoja wa Januari kuamua jambo ambalo lilipaswa kuwa limejibiwa nusu tangu Septemba.

Mfano wa jinsi linavyoweza kujibiwa naujua kutoka kwetu. Emmanuel Wanyonyi wa Kenya alishinda mita 800 za dunia za walio chini ya miaka 20 Nairobi, uwanjani Kasarani, Agosti 2021. Mwaka uliofuata, akiwa bado na miaka 17, alipelekwa Eugene, Oregon, katika riadha za dunia za wakubwa. Akamaliza wa nne, hatua chache nje ya medali. Budapest 2023 akapata fedha. Paris 2024, dhahabu ya Olimpiki, dakika 1 sekunde 41.19. Mwaka 2022 hakuna aliyejua kama anastahili. Ndiyo maana alipelekwa.

Mtaniambia barafu si uwanja wa riadha. Kweli, na upande wa pili wa hoja hii nauchukulia kwa uzito kuliko watu wengi wa vijiweni. Yulia Lipnitskaya alikuwa na miaka 15 alipoisaidia Urusi kupata dhahabu ya timu Sochi, akiwa na vazi jekundu. Mwaka 2017, akiwa na 19, aliacha mchezo baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Alina Zagitova alishinda Pyeongchang 2018 akiwa na 15. Desemba 2019 alisimamisha kushindana. Alexandra Trusova aliruka miruko mitano ya mizunguko minne katika programu moja Beijing, akapata fedha, na tulichokiona kilikuwa msichana anayelia kwamba hatarudi tena barafuni.

Na ninyi wenyewe mnaye Alysa Liu. Alikuwa bingwa wa taifa Januari 2019 akiwa na miaka 13, na tena 2020. Mara ya kwanza hakuruhusiwa hata kwenda kwa chipukizi wa dunia kwa sababu ya tarehe yake ya kuzaliwa, basi taifa zima likabaki likimhesabia siku. Alipofikia umri akaenda Beijing, Machi 2022 akapata shaba ya dunia Montpellier, na Aprili akatangaza kwamba inatosha. Miaka 16! Kisha akarudi kwa hiari yake, mtu mzima, akichagua mwenyewe muziki na nguo na saa za mazoezi, na Machi mwaka huu huko Boston akawa bingwa wa dunia, Mmarekani wa kwanza wa kike tangu Kimmie Meissner mwaka 2006. Kila mtu ana somo lake analolichukua hapo. Mimi ninachukua hili: kilichomchosha Liu hakikuwa kusafiri kushindana na watu wazima. Ni kwamba alibebeshwa tumaini la taifa kabla hajawahi kusafiri kushindana nao. Alikuwa bingwa kwanza, mwanafunzi baadaye.

Kwa hiyo nikisema chipukizi apewe safari za wakubwa sizungumzii Olimpiki. Nazungumzia mashindano ambayo nusu ya viti ni vitupu. ISU ina mfululizo wa Challenger tangu 2014, hufanyika hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuanzia mwishoni mwa kiangazi, na wapenzi wengi hata hawajui yamefanyika mpaka waone matokeo. Kanuni haimruhusu mchezaji kuchanganya Grand Prix ya chipukizi na Grand Prix ya wakubwa katika msimu mmoja, lakini Challenger anaweza kwenda huku akiendelea na chipukizi. Mlango uko wazi.

Na huko anajifunza yasiyofundishika kwa chipukizi. Programu ndefu ya chipukizi ni dakika tatu na nusu, ya wakubwa ni nne. Kwenye karatasi ni nusu dakika. Muulizeni kocha yeyote nusu dakika hiyo iko wapi mwilini, atawaonyesha mapaja. Zaidi ya hapo, katika programu fupi ya chipukizi mruko wa mizunguko minne hauruhusiwi kabisa. Kijana anaweza kuwa na mruko wa lutsi wa mizunguko minne kila asubuhi mazoezini na msiione hata mara moja katika programu yake fupi ya msimu mzima. Halafu Januari mnachukua alama zake fupi za chipukizi, mnazilinganisha na za mtu aliyeruhusiwa kuruka anavyotaka, na mnasema hafikii. Ulinganisho huo haupo. Hamwezi kujua programu yake ya wakubwa ina thamani gani mpaka mmpeleke mahali inaporuhusiwa.

Kuna na lile ambalo halisemwi rasmi. Majaji ni binadamu. Wanatoa alama za ufundi kwa kutazama mruko, lakini zile sehemu tatu nyingine, utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, wanazitoa wakiwa na picha ya mtu kichwani. Kijana ambaye hawajawahi kumwona huanza chini. Kila anaporudi mbele yao na programu ileile, imekomaa kidogo, picha hupanda. Mnaojua mchezo mnalijua hili kuliko mimi. Safari ya Septemba ni uwekezaji wa alama za Machi, na ndiyo sababu inauma kuona nafasi hiyo ikienda kwa mtu ambaye majaji wamekwisha kumaliza maoni yao juu yake.

Hapo nimegusa kidonda. Maana nafasi ikienda kwa wa miaka 17, inatoka kwa wa miaka 25, na wa miaka 25 ana historia. Ameteleza kwa miaka ishirini, wazazi wake wamelipia barafu ya saa kumi na moja alfajiri na makocha wanaotoza kwa saa, amerudi kutoka kwenye upasuaji wa goti, na safari moja ya Grand Prix ndiyo malipo yake pekee. Sitaki kumdharau. Naona pia kwamba si kila chipukizi anayepiga kelele nje ya mlango wenu anastahili. Wako wenye mruko mmoja mkubwa na programu nyembamba kama karatasi kuuzunguka. Wako waliopata alama nyingi mara moja, mahali pamoja, mbele ya majaji wa jimbo lao. Wako ambao anayetaka safari ni mama.

Kama ningekuwa kwenye meza yenu ningetazama sekunde sitini za mwisho za programu ndefu kabla ya kutazama kingine chochote. Mtoto huanza kwa nguvu, hilo ni la kawaida. Nani bado anapinda goti dakika ya tatu? Nani akianguka kwenye mruko wa pili anaweza kubadili mpango hapohapo, akauweka mruko alioupoteza mahali pengine, bila kuvunja kanuni ya kurudia? Nani amefanya hivyo katika mashindano mawili au matatu tofauti, kwenye barafu tofauti? Huyo yuko tayari, hata kama hana medali. Na ningemuuliza mwenyewe, kocha akiwa nje, kama anataka kwenda.

Nafasi atakayoshika mara ya kwanza ningeipuuza. Sonja Henie alikuwa na miaka 11 Chamonix mwaka 1924, akawa wa mwisho kati ya wanane. Olimpiki tatu zilizofuata zote alishinda yeye. Michelle Kwan alikuwa wa pili katika taifa Januari 1994 akiwa na miaka 13, nafasi ya Olimpiki akapewa Nancy Kerrigan aliyekuwa amepigwa gotini, naye Kwan akaenda Norwei kama akiba. Lakini Machi ile mlimpeleka mashindano ya dunia Chiba, na Mmarekani mwenzake hakuvuka raundi ya mchujo. Ikabidi mtoto wa miaka 13 amalize ndani ya kumi bora ili nchi yenu isipoteze nafasi ya pili mwaka uliofuata. Akamaliza wa nane. Baadaye akaja kuwa bingwa wa dunia mara tano na wa taifa mara tisa. Nani leo anakumbuka kwamba wa nane ni mbali na medali?

Na Malinin? Baada ya kumnyima Beijing mlifanya jambo jema, ambalo sioni likitajwa na wanaowalaumu: mlimpeleka Montpellier, mashindano ya dunia ya wakubwa, Machi 2022. Programu fupi akawa wa nne, zaidi ya alama 100. Programu ndefu ikamshinda, akaporomoka hadi wa tisa. Waliosema hakuwa tayari wakapata la kusema. Wiki chache baadaye akashindana na wa rika lake Tallinn, mashindano ya dunia ya chipukizi, akashinda kwa tofauti ya zaidi ya alama 40. Tofauti kama hiyo haina maana nyingine: alikuwa amekaa darasa alilokwisha kuhitimu. Septemba mwaka huohuo, kwenye shindano dogo la Challenger mjini Lake Placid, mbele ya watazamaji wachache, akatua akseli ya mizunguko minne, ambayo ni minne na nusu kwa kweli, ya kwanza katika historia ya mashindano. Shaba ya dunia Saitama 2023. Dhahabu Montreal 2024. Dhahabu Boston 2025.

Sitadai kwamba angepata medali Beijing. Simjui mtu anayeweza kulijua hilo. Ninachosema ni kwamba kama ile nafasi ya tisa ya Montpellier ingetokea Oktoba 2021, katika Challenger au Grand Prix, basi ile aibu ndogo, ambayo kila mkubwa ameipitia, ingekuwa imekwisha kulipwa kabla ya Nashville. Mngekuwa na cha kutazama, na yeye angekuwa na cha kuwajibu.

Novemba hii Skate America inarudi Lake Placid. Mwenyeji ana haki ya kujichagulia hadi watu watatu katika kila kundi, na kwa desturi baadhi ya nafasi hizo hujazwa dakika za mwisho. Naomba moja kwa wanaume na moja kwa wanawake ziende kwa aliyetimiza miaka 17 ambaye hajawahi kupewa Grand Prix ya wakubwa, na aambiwe kabla ya Agosti, kwa sababu mashindano ya chipukizi huanza mwezi huo na akishaingia huko hawezi kugeuka. Wengine wa umri huo walioko kwenye orodha zenu wapewe angalau Challenger moja kabla ya Novemba. Sitaji jina la mtu. Hii si barua ya kumtafutia kazi mtoto wa ndugu.

La mwisho ni la karatasi. Kijana mnayemkatalia apewe sababu zake kwa maandishi, kurasa mbili zinatosha: tulitazama hili na hili, ulipungua hapa, ukitupatia kile Machi tutakutazama upya. Leo orodha hutangazwa na jina lake halimo. Mashindano ya taifa yako St. Louis, Januari. Kutoka leo mpaka hapo kuna muda wa kutosha wa kuandika barua kama hizo, na nyingine za kusema “umepangiwa, andaa pasipoti.”

Wenu kwa heshima,

Mwandishi wa makala za michezo, Mombasa